Simu Kwanza, Katapila Baadaye

Fundi aliyepewa kazi ya kubomoa nyumba ya zamani mjini Bariadi haanzi na ukuta. Anapanda juu. Kwa nyundo kucha anang'oa misumari ya paa mmoja baada ya mwingine, akianzia kwenye kofia, na kila bati linalolegea linapokewa chini na saidia fundi kabla halijapinda. Yakiisha mabati zinafuata papi, kisha kenchi, ambazo hushushwa kwa kamba. Milango hutolewa pamoja na fremu zake, madirisha pamoja na nondo zake. Ukuta ndio wa mwisho. Matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo huachana kwa kugongwa kidogo tu, na pembeni yupo kijana mwenye panga butu anayekwangua tope lililoganda na kuyapanga mafungu ya kuhesabika. Misumari iliyopinda nayo ina mwenyewe: inanyooshwa juu ya jiwe na kurudi kazini. Baada ya siku chache panabaki msingi na kifusi kidogo, ambacho nacho kitaombwa na mtu anayetaka kufukia shimo uani kwake.

Tazama sasa mambo yanavyokwenda jengo likiwa la umma, au mradi ukiwa na haraka. Kijiko kinafika asubuhi. Kabla ya saa nne darasa zima limelala chini, mabati yamechanika, mbao zimevunjika katikati, matofali yamegeuka vipande. Lori linabeba mchanganyiko huo hadi kwenye korongo la karibu. Mwendesha mashine hana kosa, amefanya alichotumwa. Kosa lilifanyika wiki kadhaa nyuma, siku mtu alipotia saini jengo libomolewe na hakuna aliyekuwa ameandika mna nini ndani yake.

Hapo ndipo naona zana za kidijitali zina kazi ya kufanya Simiyu. Ufundi wa kubomoa kwa mkono tunao, wa kutosha na wa kusaza. Tunachokosa ni taarifa inayotangulia nyundo: mabati mangapi, geji gani, hali gani, yatashushwa lini, na nani anayahitaji katika umbali ambao guta linaweza kufika na kurudi kwa faida.

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa Machi 2012 kwa kumega maeneo ya Shinyanga na Mwanza, Bariadi ikawa makao makuu, na kwa sensa ya 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.1. Lami imefika, kutoka Lamadi hadi Bariadi, na kuendelea Maswa mpaka Mwigumbi. Zimekuja ofisi, benki, nyumba za wageni na hospitali ya rufaa ya mkoa pale Nyaumata. Mji ukikua kwa kasi hiyo, jengo jipya la Somanda au Malambo mara nyingi linakalia kiwanja kilichokuwa na jengo jingine.

Kuna pia suala la udongo. Wasukuma wanaoishi na kulima hapa huutofautisha kwa majina: luseni, ule wa kichanga kwenye miinuko, ibambasi, ulio mgumu, na mbuga, ule mweusi wa mabondeni. Mbuga ni rafiki wa mkulima na adui wa mjenzi. Masika hunywa maji ukavimba, kiangazi hukauka ukaacha nyufa ndefu. Nyumba iliyosimama juu yake bila msingi wa maana huanza kupasuka kwenye pembe za madirisha, ufa ukapanda hadi kwenye rinta, na jengo ambalo mahali pengine lingeishi miaka 60 likawa limehukumiwa likiwa na 20. Lakini udongo huo unaua ukuta tu. Paa lililo juu ya ukuta uliopasuka linaweza kuwa zima kabisa, na mlango wa mninga haujui habari za ufa.

Tumezoea kuona nyumba ya udongo na tofali la kuchoma kuwa ya kimaskini, na ya sementi kuwa ya maana. Siku ya kubomoa mambo hugeuka. Tofali lililojengewa udongo hutoka zima, likakwanguliwa, likajenga tena. Lililojengewa sementi nzito hung'ang'ania. Mara nyingi chokaa ya sementi huwa ngumu kuliko tofali lenyewe, kwa hiyo ukigonga, tofali ndilo linalovunjika. Bloku nazo huvunjika pembe. Kwa maneno mengine, nyumba ambazo mafundi wa vijijini walijenga kwa kukosa fedha za sementi ndizo zenye vifaa vingi vinavyorudi kazini, na majengo yetu ya fahari ndiyo yatakayotuachia vilima vya kifusi. Anayeandika mwongozo wa kubomoa katika mkoa huu angeanza na swali hilo: matofali yameshikwa na nini?

Na tofali la kuchoma Simiyu halikupatikana bure. Kila tanuru ni kuni. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu ya Shinyanga wakati serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, baada ya miti kukatwa karibu kuisha. Kwa miaka kama 18 ya mradi huo wananchi walirudisha uoto kwa njia waliyoirithi, ngitili, yaani kutenga eneo la malisho likapumzika. Tofali lililokwishachomwa zamani likitumika tena, kuna mti wa ngitili ya mtu ambao hautakatwa. Mbao ndiyo usiseme. Paini za kenchi tunazonunua leo nyingi husafiri kutoka Mafinga na Njombe, Nyanda za Juu Kusini, hadi huku karibu na Serengeti, na gharama ya lori imo ndani ya bei ya kila ubao.

Ili tusiongee hewani, tuchukue mfano wa jengo la kawaida la shule lenye madarasa mawili. Kila darasa lina urefu wa mita 9 na upana wa mita 7, kuna baraza mbele, na paa limetokeza kidogo kila upande. Ukipima mteremko wake unapata paa la mita za mraba kama 200. Bati la mita 3, ukishaondoa sehemu ya kupandiana, hufunika karibu mita 2 za mraba. Ni mabati kama 100. Tuseme theluthi nzima yameliwa na kutu kiasi cha kutofaa. Yaliyobaki yanaweza kuezeka vyoo viwili vya wanafunzi na jiko la shule, na bado yakabaki ya kibanda cha mlinzi. Kama jengo ni la miaka ya nyuma, huenda mabati yenyewe ni manene kuliko ya leo. Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 32 inayouzwa sana kwa bei nafuu ni karatasi ukiilinganisha na mabati ya maghala ya pamba yaliyojengwa enzi za ushirika, wakati Victoria Federation of Cooperative Unions iliyoundwa mwaka 1955, chini ya Paul Bomani, ilipokuwa na nguvu Kanda ya Ziwa nzima.

Hesabu hiyo inafanyika kwa futi kamba, karatasi na nusu saa ya mwalimu wa hisabati. Haihitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Lakini nani aliifanya kabla ya jengo la mwisho kubomolewa katika kata yako?

Dar es Salaam wenyewe walipata somo lao mwaka 2017, barabara ya Morogoro ilipokuwa inapanuliwa. Kuanzia Kimara kwenda Kibaha nyumba ziliwekwa alama ya X, na wenye nyumba waliokuwa wepesi walianza kuezua wenyewe kabla mashine hazijawafikia. Novemba mwaka huo Rais John Magufuli aliagiza hata majengo ya TANESCO na Wizara ya Maji pale Ubungo yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya barabara yabomolewe. Nchi nzima iliangalia. Aliyekuwa na ndugu wa kumsaidia na mahali pa kupeleka mabati aliokoa mengi. Aliyekuwa mgonjwa, mjane au amesafiri aliuza kwa dalali aliyesimama barabarani, kwa bei ya dalali. Pale Kimara vifaa vilikuwepo na wanunuzi walikuwepo, tena jijini. Hawakukutana kwa wakati.

Nchi za Ulaya na Marekani zimelishughulikia tatizo hili kwa fedha nyingi. Uholanzi ina Madaster, iliyoanza mwaka 2017, kanzidata ambamo jengo linapewa pasipoti ya vifaa: chuma kiasi gani, mbao gani, vioo vingapi, vimefungwaje. Katika chuo kikuu cha ETH Zürich, Uswisi, profesa Catherine De Wolf na wenzake wanatumia vipimo vya leza na kompyuta zinazotambua vitu kwenye picha ili kujua jengo lina nini kabla halijabomolewa. Wanafunzi wake walijenga kuba kwa mbao zilizotolewa kwenye ghala la magari la Geneva, kila kipande kikiwa na alama ya kusomwa kwa simu. Portland, Marekani, ilipitisha sheria mwaka 2016 kwamba nyumba za kuishi zilizojengwa mwaka 1916 au kabla yake zisibomolewe kwa mashine, zifunguliwe kwa mkono. Hii ya mwisho inachekesha kidogo. Wamelazimika kutunga sheria ili wafanye kile ambacho fundi wa Bariadi anakifanya kwa sababu hawezi kumudu kufanya vingine.

Kwa hiyo tusiige mashine zao. Tuige daftari lao.

Na daftari hilo kwetu halianzi na ukurasa mtupu. Mwaka 2022 Tanzania ilihesabu majengo sambamba na watu, mara ya kwanza katika historia yake, na kukuta majengo zaidi ya milioni 14. Makarani walitumia vishikwambi, na dodoso liliuliza paa limeezekwa kwa nini na kuta zimejengwa kwa nini. Mwaka huohuo kulikuwa na operesheni ya anwani za makazi, iliyotupatia mfumo wa NaPA na namba milangoni. Google nayo, kupitia mradi wa Open Buildings ulioanza mwaka 2021, imechora maumbo ya majengo ya Afrika kutoka picha za satelaiti, na paa za Lagangabilili na Mwanhuzi zimo. Mali za serikali zina mfumo wake wa usajili, GAMIS. Vishikwambi vya sensa viligawiwa kwa walimu, kwa hiyo kifaa cha kazi tayari kiko shuleni, mara nyingi ndani ya jengo lenyewe linalosubiri kubomolewa.

Kila kimoja kati ya hivyo kina mpaka wake. Takwimu za sensa za mtu mmojammoja ni siri kwa sheria, na ni sawa ziwe hivyo. Halmashauri haiwezi kufungua dodoso la kaya fulani kutafuta mabati. Satelaiti inaona paa, haioni kama chini yake kuna kenchi ya mninga au miti iliyoliwa na mchwa. Kwa jengo hili hapa, lililopangwa kubomolewa mwezi ujao, lazima mtu aingie ndani.

Akiingia na simu janja ya kawaida anaweza kufanya mengi. Apige picha kila upande wa jengo, kila chumba, na dari kwa chini, akihakikisha kila picha inapandiana na iliyotangulia. Programu za fotogrametria, nyingine za bure, huziunganisha picha hizo zikawa umbo la jengo linaloweza kupimwa mezani. Kama mtandao ni dhaifu, na maeneo mengi ya Meatu ni dhaifu, aache fotogrametria, atumie futi kamba na jedwali la kawaida kwenye simu: kifaa, idadi, kipimo, hali, picha. Hali iandikwe kwa madaraja matatu tu, kizima, cha kutengeneza, cha kuyeyusha. Ukiweka madaraja saba hakuna atakayeyajaza. Ndege nyuki inapendeza kwenye video za miradi, lakini inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa darasa lisilo la ghorofa ngazi ya fundi inatosha.

Jedwali hilo likishakuwepo, linapaswa kuonekana na watu. Kwa Simiyu ya leo hiyo ni WhatsApp, haina mjadala. Makundi ya mafundi yapo, ya wafanyabiashara yapo, ya wazazi wa shule yapo. Orodha yenye picha ikiwekwa wiki tatu kabla ya kubomoa, mama lishe wa Dutwa anayetaka mabati manane ya kibanda atajua. Mfugaji wa Itilima anayetaka nguzo atajua. Malipo ni kwa simu, na risiti inabaki. Wiki tatu ndiyo siri ya biashara nzima, kwa sababu kifaa kilichokwisha kutupwa chini mvuani hakina bei.

Sasa hatari zake, maana zipo, na baadhi zinaua.

Ya kwanza ni asbesto. Majengo ya zamani, yakiwemo ya umma, yaliezekwa kwa vigae na mabamba ya kijivu ya asbesto, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote zake husababisha saratani. Bamba likiwa zima juu ya paa hatari yake ni ndogo; likivunjwa, vumbi lake huingia mapafuni na ugonjwa hujitokeza miongo kadhaa baadaye. Kulivunja kwa kijiko, watoto wakitazama kando ya uzio, ni njia mbaya kuliko zote. Orodha inayotangulia ubomoaji inaokoa mabati mazuri na pia inamwonya fundi mapema kwamba paa hili lisiguswe mpaka taratibu za taka hatarishi zifuatwe. Hata kama hakuna bati hata moja la kuokoa, sababu hiyo peke yake ingetosha kudai orodha.

Ya pili ni nondo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7 hivi, na mnunuzi wa vyuma chakavu huilipia kwa kilo. Kishawishi cha kuinyoosha na kuiuza upya kama nondo ni kikubwa. Lakini chuma kilichopindwa na kunyooshwa hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuvumilia mzigo, na ukikificha ndani ya rinta au slabu hutajua mpaka siku mbaya. Nchi iliyoshuhudia ghorofa la Kariakoo likianguka Novemba 2024 haina nafasi ya mzaha hapo. Nondo za zamani ziende kwenye grili, uzio na vichanja, au zirudi tanuruni. Kwenye jedwali ziandikwe hivyo, kwa herufi kubwa.

Ya tatu ni wizi. Orodha yenye picha na mahali ni zawadi kwa anayetaka kuja usiku na mkokoteni. Kwa nyumba za watu binafsi, picha na anwani zisitoke bila ridhaa ya mwenye nyumba. Tangu mwaka 2022 tunayo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na ipo kwa mambo kama haya. Kwa jengo la umma naona kinyume chake: likiorodheshwa hadharani, wizi unakuwa mgumu zaidi. Leo mabati 100 yakishuka na 60 tu yakafika stoo, hakuna anayejua kwamba yalikuwa 100. Kijiji kizima kikiwa na picha kwenye simu, hesabu ina mashahidi wengi.

Hapo tunafika kwenye jambo gumu kuliko programu yoyote. Mali ya umma haigawiwi kwa mdomo. Inahitaji kukaguliwa, kupata kibali cha kuiondosha, kisha mnada, na taratibu hizo zipo kwa sababu nzuri. Tatizo ni kwamba mkandarasi ana mkataba wenye tarehe na kibali hakina. Mwalimu mkuu anayeogopa kuulizwa na wakaguzi anaona heri mabati yaoze nyuma ya darasa kuliko kuyatoa bila karatasi. Simlaumu. Dawa ni kuanza ukaguzi wa vifaa siku ileile jengo linapopendekezwa kubomolewa, ili maombi ya kibali yatembee sambamba na maandalizi ya mradi, na orodha ya simu iwe kiambatisho chake. Kwa wananchi wanaopisha miradi ya barabara au reli, mambo ni mepesi zaidi: miradi inayofuata masharti ya Benki ya Dunia kwa kawaida humruhusu mwenye nyumba kuchukua mabaki yake bila kukatwa fidia. Wengi hawaambiwi. Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka inapita Malampaka, wilayani Maswa, na haitakuwa mradi wa mwisho kupita kwenye viwanja vya watu mkoani humu.

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1, na majengo yatakayokarabatiwa au kujengwa upya hujulikana miezi kadhaa kabla, Baraza la Madiwani linapojadili bajeti. Kama shule, zahanati au soko la kata yako limo, mwendee diwani au mtendaji umuulize mambo mawili tu: orodha ya vifaa imeandikwa na nani, na mnada ni lini. Akikosa jibu, omba ruhusa, chukua simu na futi kamba, nenda ukaanze na paa.